Rudolf Diesel, mtoto wa ukimbizini ambaye jina lake linanguruma barabarani

KUNA majina ya watu ambayo tunayatamka kila siku bila kujua kwamba ni ya watu. Dereva akifika kwenye kituo cha mafuta Kigoma, Mombasa au Dar es Salaam huomba dizeli, na wala hajui kwamba amemtaja mtu aliyezaliwa, akasoma, akaoa, akatajirika, akafilisika, kisha akapotea baharini usiku mmoja wa mwaka 1913.

Kwetu Burundi jambo hili limejificha zaidi, kwa sababu sisi tunasema mazutu. Mimi nilizaliwa katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, nikasoma katika shule za Tanzania, na niliporejea nyumbani mwaka 2009 ilinibidi kujifunza upya maneno mengi. Petroli ikawa esansi, dereva akawa shoferi, na dizeli ikawa mazutu. Hivyo jina la yule bwana likafutika kabisa midomoni mwangu.

Leo ningependa, ndugu msomaji, kumrudishia jina lake. Nina sababu mbili. Kwanza, maisha yake yanatugusa sisi tuliosomea ugenini. Pili, hapa Gitega na kule Muyinga nimeona wenye magari ya zamani ya mazutu wakiambiwa kwamba injini imekufa, wakauza mali ili wanunue injini nyingine, kumbe ugonjwa uko katika kifaa kimoja kinachobebeka kwa mkono mmoja: pampu ya kusukuma mafuta kwenye nozeli. Anayeijua historia ya mashine si rahisi kudanganywa nayo.

Mtoto wa fundi wa kujalidi vitabu

Rudolf Diesel alizaliwa Paris, Ufaransa, tarehe 18 Machi 1858. Wazazi wake hawakuwa Wafaransa. Baba yake, Theodor, alikuwa fundi wa kujalidi vitabu na kutengeneza bidhaa za ngozi, mwenyeji wa Augsburg. Mama yake, Elise, alitoka Nuremberg. Miji hiyo yote miwili iko Bavaria, katika nchi ambayo leo ni Ujerumani. Walikuwa wamehamia Paris kutafuta maisha, na Rudolf alikuwa wa pili kati ya watoto wao watatu.

Alisoma vizuri katika shule za Kifaransa. Lakini mwezi Julai 1870 Ufaransa na Prussia zikaingia vitani, na kufumba na kufumbua majirani wa jana wakawa maadui. Wajerumani waliokuwa wakiishi Paris walitakiwa kuondoka. Mwezi Septemba familia ya Diesel ilifungasha kilichobebeka, ikaacha karakana na wateja, ikavuka bahari hadi London. Huko maisha yalikuwa ya dhiki, na wazazi wakaona hawawezi kuwalisha watoto wote na kuwasomesha pia.

Wakaamua kumtuma Rudolf kwa ndugu zao Augsburg. Alikuwa na umri wa miaka 12. Alisafiri peke yake katika nchi zilizokuwa vitani, kwenda katika mji ambao baba yake aliuita nyumbani lakini yeye hakuwahi kuishi humo. Sisi tuliozaliwa Tanzania na wazazi waliokimbia mwaka 1972 tunaielewa safari ya namna hiyo. Unakwenda kwenu, nawe ni mgeni.

Bahati yake ilikuwa kwamba alipokelewa na mwalimu. Christoph Barnickel, aliyemlea pamoja na mkewe Barbara, alifundisha hisabati katika shule ya ufundi ya mji huo. Mtoto akaingia shuleni, na alipofikisha miaka 14 akawaandikia wazazi wake kwamba anataka kuwa mhandisi. Alimaliza akiwa wa kwanza darasani. Mwaka 1875 alipewa msaada wa masomo katika chuo cha ufundi cha Munich. Wazazi walitamani aanze kazi mara moja ili awasaidie, maana hali ilikuwa mbaya, lakini akashikilia shule. Nawafahamu wazazi wengi wa Gitega waliokaa katika kiti kile kile walichokaa Theodor na Elise, na siwalaumu.

Hesabu iliyomkosesha usingizi

Munich alifundishwa na Carl von Linde, bingwa wa mitambo ya kutengeneza baridi na barafu. Katika somo moja la mwaka 1878 mwalimu huyo alieleza kwamba injini za mvuke, zilizokuwa zikiendesha viwanda, treni na meli za wakati ule, zilitumia kwa kazi sehemu ndogo sana ya joto la makaa ya mawe, kati ya asilimia 6 na 10. Joto lililobaki lilipotea hewani. Yaani mtu akinunua magunia kumi ya makaa, tisa yalikwenda na moshi.

Kijana Diesel akaona huu ni upotevu usiovumilika. Tangu siku hiyo akawa anatafuta injini itakayotumia joto vizuri zaidi. Mwaka 1879 homa ya matumbo ilimzuia kufanya mtihani wa mwisho pamoja na wenzake. Wakati akisubiri mtihani mwingine alikwenda kufanya kazi katika kiwanda cha Sulzer, mjini Winterthur, Uswisi. Januari 1880 alihitimu kwa alama za juu kabisa.

Linde akamchukua kazini na kumpeleka Paris, mji aliofukuzwa akiwa mtoto, kusimamia mitambo ya barafu. Mwaka 1883 alimwoa Martha Flasche, wakapata watoto watatu. Mchana alifanya kazi ya barafu, usiku alifanya kazi ya joto. Alijaribu kwanza injini ya mvuke wa amonia, na katika jaribio moja mtambo ulilipuka, ukamlaza hospitali kwa miezi kadhaa na kumwachia matatizo ya afya na macho.

Wazo lililofanikiwa lilikuwa jingine, na kila mtoto wa Burundi anaweza kulihisi kwa kidole. Chukua pampu ya baiskeli, ziba tundu la mbele, kisha sukuma kwa nguvu mara kadhaa. Sehemu ya chini ya pampu inapata moto. Hewa ikibanwa ghafla inapata joto, na ikibanwa sana inapita nyuzi 500. Diesel alifikiri hivi: tukiibana hewa peke yake ndani ya silinda mpaka iwe na joto kali, halafu tukapuliza mafuta ndani yake wakati huo huo, mafuta yatawaka yenyewe. Hatuhitaji cheche ya umeme wala kibiriti.

Tarehe 28 Februari 1892 ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa hataza yake, na mwaka 1893 alichapisha kitabu kuhusu nadharia hiyo. Kiwanda cha mashine cha Augsburg, ambacho baadaye kilijulikana kwa jina la MAN, pamoja na kampuni ya Krupp, vilikubali kumgharimia majaribio.

Miaka minne ya jasho

Jaribio la kwanza lilifanyika Augsburg tarehe 10 Agosti 1893. Mafuta yaliwaka, lakini kwa mshindo uliovunja kipimo cha shinikizo na kunusurika kuwaumiza waliokuwapo. Injini haikuzunguka yenyewe. Hata hivyo ilikuwa imethibitika kwamba joto la hewa iliyobanwa linatosha kuwasha mafuta.

Tarehe 17 Februari 1894 injini ilizunguka kwa nguvu zake yenyewe kwa muda wa kama dakika moja. Miaka mitatu mingine ilipita katika kubadilisha hiki na kile. Hatimaye, Februari 1897, Profesa Moritz Schröter wa Munich aliipima rasmi injini yenye nguvu za farasi kama 20, akakuta kwamba inageuza kuwa kazi zaidi ya asilimia 26 ya joto la mafuta. Mara mbili au tatu ya injini nyingi za mvuke! Habari ilienea duniani. Adolphus Busch, tajiri wa kiwanda cha bia huko St. Louis, Marekani, alinunua haki za nchi yake kwa mark milioni moja. Akiwa na miaka 40 Diesel alikuwa milionea, na baadaye akajenga nyumba ya kifahari Munich.

Kuna jambo moja linalotuhusu sisi Waafrika. Katika maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1900, injini ndogo ya aina hiyo iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Serikali ya Ufaransa ndiyo iliyotaka jaribio hilo, ikifikiria makoloni yake ya Afrika ambako karanga hustawi. Injini ikafanya kazi bila matata, hata watazamaji wengi hawakutambua kwamba haikuwa ikinywa mafuta ya kawaida. Mwaka 1912 Diesel mwenyewe alilisimulia jambo hilo, akiamini kwamba mafuta ya mimea yangekuja kuwa na umuhimu mkubwa.

Mwaka 1903 alichapisha pia kitabu kuhusu namna wafanyakazi wanavyoweza kuunganisha akiba zao kidogo kidogo na kumiliki viwanda kwa pamoja. Watu hawakukinunua. Walitaka injini yake, si mawazo yake.

Usiku wa Septemba

Huyu bwana aliyechukia upotevu wa joto hakujua kuzuia upotevu wa fedha. Aliingia katika biashara za ardhi na visima vya mafuta zilizomfilisi. Kesi za kubishania hataza zilimchosha akili na mwili, na kuna wakati alilazwa katika nyumba ya mapumziko ya wagonjwa. Kwa nje alibaki kuwa mtu mkubwa. Mwaka 1912 meli ya Denmark iitwayo Selandia ilisafiri kwa injini za dizeli hadi Bangkok, na mwaka huo huo Diesel alikaribishwa Marekani kwa heshima. Nyumbani kwake madeni yalikuwa yakipanda, wala hakuwaambia watu.

Jioni ya tarehe 29 Septemba 1913 alipanda meli Dresden katika bandari ya Antwerp, Ubelgiji, akielekea Uingereza kwa shughuli za kampuni ya injini zake. Alikula chakula cha jioni na wenzake, akaagiza aamshwe asubuhi mapema, akaenda chumbani. Asubuhi hakuwapo. Kofia na koti lake vilikutwa juu ya sitaha, karibu na ukingo. Siku kadhaa baadaye mabaharia wa Kiholanzi waliona maiti ikielea. Walichukua vitu vidogo vilivyokuwa mfukoni, wakairudisha maiti baharini. Mwanawe Eugen alivitambua vitu hivyo kuwa vya baba yake.

Kabla ya safari alikuwa amemwachia mkewe mkoba akimwomba asiufungue mpaka wiki ijayo. Ndani yake mlikuwa na mark 20,000 taslimu na karatasi za benki zilizoonyesha kwamba akaunti zilikuwa karibu tupu. Wengi wanaamini kwamba alijitupa. Wengine walisema aliuawa kwa sababu ya siri za injini, maana vita kuu ilikuwa imebakiza chini ya mwaka mmoja. Hakuna aliyethibitisha. Alikuwa na miaka 55, na hana kaburi.

Kifaa ambacho hakukiona

Diesel alikufa bila kuona gari dogo likiendeshwa kwa injini yake. Sababu ni pampu. Katika injini zake, mafuta yalipulizwa ndani ya silinda kwa hewa iliyobanwa na kompresa nzito. Kompresa hiyo ilifaa kiwandani na melini, lakini haikuweza kubebwa na gari.

Aliyefungua njia hiyo kwa magari ni Robert Bosch wa Stuttgart, aliyezaliwa mwaka 1861 na kufariki mwaka 1942. Mwishoni mwa mwaka 1922 kampuni yake iliamua kutengeneza pampu ndogo itakayosukuma mafuta bila msaada wa hewa. Mwaka 1927 pampu hizo zilianza kutoka kiwandani kwa wingi, kwanza kwa ajili ya malori. Mwaka 1936 ikatokea Mercedes-Benz 260 D, mojawapo ya magari madogo ya kwanza ya dizeli kutengenezwa kwa ajili ya kuuzwa. Miaka ya 1970 ikaja pampu nyepesi zaidi ya Bosch, ambayo pistoni moja tu inahudumia silinda zote kwa zamu. Pampu za mtindo huo, zilizotengenezwa pia Japani kwa leseni, ndizo zilizo katika Toyota nyingi za dizeli za miaka ya 1980 na 1990 tunazoziona zikipanda vilima vyetu.

Tuhesabu kidogo, maana mimi ni mwalimu. Gari la silinda nne linalozunguka mara 2,000 kwa dakika linahitaji mafuta yapigwe mara 4,000 katika dakika hiyo. Likitumia lita 6 kwa saa, kila pigo ni kama nusu ya tone la maji. Na nusu tone hilo lazima lisukumwe kwa nguvu inayozidi mara 100 ya hewa inayotuzunguka, la sivyo nozeli haifunguki. Ili kuweza hivyo, pistoni ya pampu huachiwa nafasi ya sehemu chache tu za elfu za milimita ndani ya tundu lake. Unywele wa mtu ni mnene kuliko nafasi hiyo mara nyingi.

Hapo hakuna oili. Kinacholainisha pampu za mtindo huu ni mazutu yenyewe. Mafuta yakichanganywa na mafuta ya taa, ulaini unapungua. Yakiingia maji, chuma kinapata kutu. Yakiingia vumbi, pistoni inakwaruzwa. Katika uhaba mkali wa mafuta tulioupata miaka ya 2024 na 2025, mazutu mengi yalipita katika madumu na mikono mingi kabla ya kufika kwenye tangi, na pampu ndizo zilizolipa.

Gari la shemeji yangu

Shemeji yangu anaishi Muyinga. Ana gari la zamani la mazutu ambalo hubeba maharage kuja soko la Gitega kupitia Karuzi. Mwaka jana lilianza tabia ya ajabu. Alfajiri, likiwa la baridi, liliwaka bila shida. Akifika Karuzi, akilizima kushusha mzigo, haliwaki tena mpaka lipoe kwa saa nzima. Milimani lilikuwa limepoteza nguvu, na likisimama injini ilipanda na kushuka kama mtu mwenye pumu. Fundi mmoja alimwambia injini imekwisha, atafute nyingine. Shemeji akawa tayari kuuza ng'ombe wawili, waliokuwa akiba ya kumpeleka binti yake chuo kikuu.

Nilimwomba asubiri Jumamosi. Nilikwenda Muyinga, tukamwita mzee mmoja aliyestaafu ufundi, tukaanza na vitu vya bei ndogo, kwa sababu si kila gari linalokataa kuwaka lina pampu mbovu. Tulibadilisha chujio la mafuta na kuchunguza kama mna unga unaometameta wa chuma, maana huo ni ushahidi wa pampu kujila yenyewe. Tulikuta chembe chache. Tuliweka kipande cha mpira unaopitisha mwanga kabla ya pampu ili kuona kama kuna mapovu, kwa kuwa hewa inayoingia kwenye mabomba huleta dalili zile zile. Hapakuwa na mapovu. Tulifungua kifuniko cha tangi kuhakikisha hakizibi hewa. Tulisikiliza mlio mdogo wa koili inayofungulia mafuta ufunguo unapozungushwa, gari likiwa la moto, kwa sababu koili ikichoka hukataa kazi kwenye joto vile vile. Mlio ulikuwapo. Stata ilizungusha injini kwa kasi nzuri. Moshi haukuwa wa bluu, rangi ambayo ingeonyesha kwamba injini inakula oili.

Kisha tukafanya jaribio ambalo mafundi wengi wa zamani wanalijua. Tuliliendesha mpaka likapata moto, tukalizima, likakataa kuwaka. Tukafunika pampu kwa kitambaa kilicholowa maji, tukakinyunyizia polepole kwa muda wa robo saa, injini ikiwa imezimwa. Tukazungusha ufunguo. Likawaka.

Maana yake ni hii. Pistoni iliyolika huvujisha mafuta pembeni yake. Mazutu ya baridi ni mazito kidogo, hivyo huvuja kidogo. Yakipata joto huwa mepesi na kupenya. Wakati wa kuwasha, injini inazungushwa polepole, na mafuta yanapata nafasi ya kuvuja kabla ya kufikia nguvu ya kufungua nozeli. Ikishawaka, kasi ni kubwa na uvujaji hauna muda, ndiyo maana gari hutembea. Pampu ikipozwa, mafuta yanakuwa mazito tena na gari linawaka. Gari lililokuwa limekufa injini lisingefufuliwa na kitambaa.

Naomba niongeze tahadhari mbili. Usimwagie maji ya baridi pampu ya moto kwa ghafla, hasa injini inapozunguka, kwa sababu chuma cha nje kikinywea haraka kinaweza kuibana pistoni na kuivunja pampu. Na usiweke mkono mbele ya nozeli inayopuliza, kwani mafuta yenye nguvu ile hupenya ngozi na kuingia mwilini, na jeraha hilo ni la kukimbizwa hospitali hata kama halitoki damu.

Kitambaa hutoa dalili tu, hukumu hutolewa na mashine ya kupimia. Pampu ilifunguliwa, ikapelekwa Bujumbura kwa fundi mwenye mashine hiyo. Alikuta kichwa chenye pistoni kimelika na mipira ya kuzuia uvujaji imekauka. Sehemu hizo zikabadilishwa, pampu ikapimwa upya na kufungwa mahali pake kwa alama zile zile. Gharama ilimla ng'ombe mmoja. Wa pili bado yuko Muyinga, na binti alianza chuo mwaka huo huo, ingawa ada ya mwaka wa pili bado haijulikani itatoka wapi.

Alichotuachia

Wapo watakaosema kwamba hizi ni habari za mashine zilizopitwa na wakati. Ni kweli kwamba tangu miaka ya 1990 magari mapya ya dizeli yanapimiwa mafuta kwa kompyuta. Lakini sisi hatununui mapya. Tunanunua yaliyochoka katika nchi nyingine, na anayenunua kilichochoka hana budi kujua kinavyochoka.

Nikimtazama Rudolf Diesel naona mambo mawili yaliyokaa pamoja katika mtu mmoja. Aliweza kuona joto linalopotea ndani ya chuma kinene, mahali ambapo wenzake wote walipita bila kuona. Lakini nyumba yake ilipokuwa ikivuja alinyamaza, akajitokeza kwa suti safi, mpaka siku ambayo hapakuwa na la kufanya. Mkewe alikuja kuijua hali ya akaunti kwa kufungua mkoba wa mtu ambaye hayupo.

Shemeji yangu alikuwa karibu kufanya hivyo hivyo. Alikuwa amekwisha kumtafuta mnunuzi wa ng'ombe kabla ya kumwambia mkewe, na aliponipigia simu nia yake ilikuwa kuomba nauli tu. Wahenga wetu walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa hiyo, ndugu msomaji mwenye gari la mazutu, likianza kukataa kuwaka likiwa la moto, usingoje mpaka likataliwe na fundi wa mwisho. Litaje tatizo mapema, kwa mke au mume, kwa jirani, kwa fundi wa pili. Anza na chujio. Uliza kabla ya kuuza.

Na wale wenzangu wanaofundisha watoto waliorejea juzi kutoka kambini, wanaochanganya lugha na kuchekwa na wenzao darasani, nawakumbusha kwamba bwana Barnickel wa Augsburg hakuvumbua injini yoyote. Alimpokea mtoto wa miaka 12 aliyetoka vitani, akamfundisha hesabu.